Sindano za Masaa: Zilivyotoka Wodini Zikafika Nyumbani (Sehemu ya 4)

Najua wengi mnanisoma watoto wakishalala, kwa hiyo tuingie moja kwa moja.

Kuna swali linarudi kila wiki kwenye meseji: "Nesi, mtoto bado anachomwa sindano, mbona wameturuhusu na kanula mkononi? Wanataka kitanda chao?" Hapana, mama. Jambo hilo lina miaka 50 sasa, na waliolianza walikuwa wanatibu watoto.

Turudi nyuma kidogo. Februari 1941, Oxford, Uingereza, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa amejaa usaha usoni hadi jicho moja likatolewa. Akaanza kupewa penisilini ya mshipa, dawa ambayo ilikuwa bado inapimwa tu. Homa ikashuka, akaanza kula. Ila penisilini haikai mwilini: kila baada ya nusu saa hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu inaondoka, na sehemu kubwa inaishia kwenye mkojo. Basi wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaukimbiza maabara kwa baiskeli, wanatoa dawa iliyomo na kumrudishia. Jamani! Pamoja na hayo yote, baada ya siku tano dawa ikaisha. Machi 15 akafariki. Wagonjwa waliofuata wengi walikuwa watoto, maana mwili mdogo unatosheka na dawa kidogo.

Hapo ndipo zilipotoka zile "sindano za masaa" ambazo bibi zetu wanazisimulia mpaka leo. Kila masaa sita, hata saa nane ya usiku, nesi anakuja, mtoto akimwona tu analia. Dawa yenye ratiba hiyo huwezi kwenda nayo nyumbani. Wala haukuwa ukali wa manesi, ni tabia ya dawa yenyewe.

Mwaka 1974, huko Marekani, madaktari Rucker na Harrison wakaandika kuhusu watoto wenye sistiki faibrosisi. Huu ni ugonjwa wa kurithi, makohozi yanakuwa mazito kama gundi na mapafu yanashambuliwa na bakteria tena na tena. Watoto hao walikuwa wanaishi wodini kuliko shuleni. Madaktari wakajaribu kuwaruhusu wamalizie dawa za mshipa nyumbani, na ikawezekana. Mimi hapo huwa nawafikiria wale wazazi. Dawa ya mshipa, jikoni kwako, bila nesi pembeni! Miaka michache baadaye wakafuata watu wazima wenye maambukizi ya mifupa, ambayo hutaka dawa kwa wiki nyingi.

Kilichorahisisha mambo kabisa kilitoka kwenye maji machafu. Mwaka 1945, Giuseppe Brotzu, daktari wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alichukua maji pale mfereji wa uchafu wa mji unapomwagikia baharini, akakuta ukungu unaoua bakteria. Kutoka kwenye ukungu ule ikazaliwa familia nzima ya dawa, na miaka ya 1980 ikafika seftriaksoni. Hii mnaijua, ile sindano ya siku tano. Nusu yake inabaki kwenye damu kwa takriban masaa nane, kwa hiyo maambukizi mengi yanatibika kwa dozi moja kwa siku. Unakuja zahanati asubuhi, unachomwa, unarudi kupika.

Lakini kwa kichanga iko tofauti: seftriaksoni ikikutana na dripu yenye kalsiamu, kama Ringer's, inaweza kugandia kwenye mapafu na figo. Watoto walishakufa hivyo. Ndiyo maana nakataa kabisa habari ya kumwita jirani "anayejua kuchoma".

Na vichanga nao wana historia yao. Daktari Abhay Bang na wenzake, Gadchiroli, vijijini India, waliwafundisha wanawake wa kijiji kuwatembelea wazazi nyumbani na kuwachoma sindano ya jentamaisini watoto wachanga wenye dalili za maambukizi. Matokeo yalitoka 1999: vifo vya vichanga vilipungua kwa zaidi ya nusu. Baadaye utafiti mkubwa ukafanyika Kenya, Kongo na Nigeria, kwa vichanga ambao familia zao hazikuweza kwenda hospitali. Ukaonyesha kwamba jentamaisini ya siku mbili pamoja na amoksilini ya kunywa siku saba ilifanya kazi sawa na sindano za siku zote saba. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwa mazingira hayo. Ila kichanga asiyeweza kunyonya kabisa, anayepata degedege au aliyelegea haamki, huyo ni wa hospitali, hakuna mjadala.

Kwa hiyo mama uliyeniandikia Jumatatu: hukufukuzwa. Kanula usiilowanishe, na kesho nenda saa ileile. Mkono ukivimba, ukiwa mwekundu, ukiuma, au mtoto akitetemeka kwa baridi, usisubiri kesho. Na dozi ya tano ni dozi, hata kama ameshaanza kucheza mpira.

Sehemu ya 5 ni Alhamisi: kwa nini vidonge vimeanza kuichukua kazi ya sindano.