Mikrobiolojia: Somo linalomfunza mfamasia kuichunguza dawa yake

WATU wengi hudhani kuwa kazi ya mfamasia huishia katika kusoma maagizo ya daktari, kuhesabu tembe na kumweleza mgonjwa jinsi ya kuzimeza. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwanafunzi wa shahada ya ufamasia, ambayo humchukua miaka mitano katika vyuo vikuu vya Kenya, hulazimika pia kusomea mikrobiolojia, yaani elimu ya viini visivyoonekana kwa macho.

Somo hilo si nakala ya lile la madaktari. Daktari hufunzwa kuvitafuta viini katika mwili wa mgonjwa. Mfamasia hufunzwa hayo pia, lakini kwake huongezwa swali jingine: je, dawa yenyewe ni safi?

Swali hilo lina uzito. Viini vilivyomo katika chakula hukabiliwa kwanza na asidi ya tumbo. Vilivyomo katika maji ya dripu huingia moja kwa moja katika damu, tena ya mtu ambaye tayari amedhoofishwa na maradhi.

Misingi

Mwanafunzi huanza kwa kuyafahamu makundi makuu: bakteria, virusi, kuvu na protozoa. Tofauti baina yao si ya majina tu. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao. Virusi havina ukuta huo, na ndiyo sababu dawa hiyo haitibu mafua.

Kisha hufunzwa mbinu iliyotangazwa na Hans Christian Gram wa Denmark mwaka 1884. Bakteria hutiwa rangi, halafu huoshwa kwa alkoholi. Baadhi hubaki na rangi ya zambarau, ilhali wengine huipoteza na kuonekana wekundu baada ya kutiwa rangi ya pili.

Hao wekundu wana utando wa nje unaozuia baadhi ya dawa kupenya. Isitoshe, utando huo hubeba sumu iitwayo endotoksini, inayoweza kumletea mgonjwa homa kali na kushusha ghafla shinikizo la damu hata baada ya bakteria wenyewe kufa. Kwa hivyo, dawa ya sindano iliyokwisha kuchafuka haiwi salama kwa kuchemshwa.

Somo la tatu ni la uzazi. Katika mazingira mwafaka, bakteria aina ya Escherichia coli hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa kwa saa saba, kizazi chake hupita milioni mbili. Hesabu hiyo humwonyesha mwanafunzi ni kwa nini dawa ya maji isiyo na kihifadhi haifai kuachwa mezani kutwa nzima.

Kuangamiza viini

Sehemu kubwa ya kozi huhusu njia za kusafisha dawa na vyombo. Iliyo maarufu zaidi ni mvuke wenye shinikizo, ambapo dawa huwekwa katika mtungi unaofanya kazi mithili ya sufuria ya presha, kwa nyuzi 121 za Selsiasi na kwa muda usiopungua dakika 15. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayatoshi, kwa kuwa baadhi ya bakteria hujifungia ndani ya ganda gumu linalostahimili joto hilo.

Dawa zinazoharibiwa na joto huchujwa kwa kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.22. Hata hivyo, mwanafunzi huonywa kwamba virusi ni vidogo kuliko vitundu hivyo.

Historia inaonyesha gharama ya kupuuza kanuni hizi. Mwaka 1972, wagonjwa watano walihusishwa na vifo vilivyotokana na maji ya dripu yenye bakteria katika hospitali ya Devonport, jijini Plymouth, Uingereza. Uchunguzi ulibaini kuwa hewa ilikuwa imebaki ndani ya mtungi wa mvuke, hivyo chupa za chini hazikufikia joto linalohitajika.

Mnamo 2012, nchini Marekani, sindano za mgongo zilizotayarishwa na kampuni moja ya Massachusetts zilipatikana na kuvu. Zaidi ya watu 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafa.

Kutokana na mikasa kama hiyo, wanafunzi husisitiziwa kwamba kupima chupa chache hakuthibitishi usafi wa shehena nzima. Usalama hujengwa katika kila hatua ya utayarishaji, wala hauwezi kuongezwa mwishoni.

Usugu wa dawa

Mada nyingine nzito ni usugu wa viini dhidi ya viuavijasumu, zile dawa za kuua bakteria. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kuitumia kwa kipimo haba kungewapa bakteria fursa ya kuizoea.

Onyo hilo limetimia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Maabarani, wanafunzi hujionea wenyewe. Bakteria huoteshwa kwenye kisahani, kisha vikaratasi vilivyolowekwa dawa huwekwa juu yake na kisahani kikatiwa katika kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37. Kesho yake, duara tupu huzunguka kikaratasi ambacho dawa yake ingali na nguvu. Kwa dawa iliyoshindwa, bakteria huota hadi ukingoni mwa kikaratasi.

Anayeyaona hayo hupata sababu ya kukataa kumuuzia mteja tembe nne za kiuavijasumu bila maagizo ya daktari, hata kama mteja huyo atatoka na kuingia duka jirani.

Msomaji naye ana la kunufaika. Dawa ya unga ya watoto huchanganywa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Ikishachanganywa, amoksilini hudumu kwa siku saba hadi 14 kutegemea maelekezo ya mtengenezaji, na kinachosalia hutupwa. Dawa nyingi za matone ya macho hazifai kutumiwa baada ya wiki nne tangu kufunguliwa, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapishwa ingali mbali.

Mfamasia anapotoa maagizo hayo dirishani, asidhaniwe kuwa anamchelewesha mteja. Anatekeleza yale aliyofunzwa mbele ya hadubini.