Mchezo wa Kuigiza na Maneno Yake

Wasikilizaji, watu wengi wakisikia neno "mchezo" hudhani ni jambo la watoto. Lakini mchezo wa kuigiza, ambao vitabuni huitwa tamthilia, ni kazi ya watu wazima, nayo ina historia ndefu. Ajuaye maneno yake machache hausomi gizani.

Na tuanzie kwetu. Katika nchi ya Mbulu, Wairaqw wana sala yao iitwayo slufay. Mzee mmoja hunena, na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Je, huo ni mchezo wa kuigiza? La. Mzee yule hujisemea kwa nafsi yake, akiwaombea watu wake heri. Hajifanyi mtu mwingine.

Sasa tutazame Ugiriki ya kale. Athens nako kulikuwa na kundi la waitikiaji, lililoimba kwa heshima ya mungu wao Dionysus. Wagiriki walisimulia kwamba yapata mwaka 534 kabla ya Kristo mtu mmoja, Thespis, alijitenga na kundi, akasema kana kwamba yeye ndiye mtu wa hadithi. Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Yule asemaye ni mchezaji. Yule anayeigizwa ni mhusika. Baadaye Aeschylus aliongeza mchezaji wa pili, na Sophocles wa tatu. Basi wachezaji wakaweza kujibizana wao kwa wao. Maneno yao ni majibizano, na kupingana kwa nia zao ni mgogoro. Pasipo mgogoro, kuna maneno tu.

Kwa Kiswahili, Graham Hyslop alitoa Mgeni Karibu na Afadhali Mchawi mwaka 1957. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mchezo unaohusu Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907.

Ukifungua kitabu kama hicho, jina lililo mwanzo wa msemo ni la mhusika. Maneno yaliyo katika mabano hayasemwi. Ni maelekezo ya jukwaa, yaani mahali pa kuchezea. Mahali au wakati ukibadilika, huanza onyesho jingine.

Lakini jihadharini. Kinjeketile wa mchezo ni mhusika. Si yule mtu wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Mwandishi mwenyewe alionya hivyo. Mwanafunzi atakayejibu mtihani wa historia kwa maneno ya mchezo atapotea.

Hata hivyo, mhusika naye ana ukweli wake. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa kusema kwamba maji yalikuwa uwongo, naye anakataa, ingawa watu wengi wamekwisha kufa kwa kuyaamini. Msomaji akifika hapo na ajiulize: Nani anasema? Anataka nini? Nani anampinga? Akiweza kujibu hayo matatu, ameuelewa mchezo.