Dagaa Wakavu: Mwanga Unavyofichua Ghushi

Dagaa tunaowachemsha na kuwaanika Unguja na Pemba huuzwa hadi bara. Mnunuzi wa Mwembesongo, Morogoro, akifunguliwa gunia, huona dagaa wa juu tu. Atajuaje kama wa chini wamekauka?

Wataalamu humulika sampuli kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Maji, mafuta na protini kila kimoja hufyonza miale yake. Maji hufyonza sana karibu na nanomita 1450 na 1940. Kifaa hupima mwanga unaorudi, kikaulinganisha na sampuli zilizokwisha kupimwa maabara, kisha hukadiria unyevu na daraja bila kuharibu samaki. Sampuli za kulinganishia zikiwa mbovu, jibu halitegemewi.

Samaki ni halali. Ghushi ndiyo haramu. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji ndani, akamkemea muuzaji. Basi muuzaji ni wajibu abainishe aibu anayoijua, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha mali. Kifaa husaidia kuthibitisha. Uaminifu huanzia kwa anayefunga gunia.

Wallahu a'lam.