Bilqis Abdul-Qaadir: Mchezaji Aliyebaki na Ushungi Wake



Leo tunaweka pembeni magauni na mapambo, tunawaletea historia ya mwanamke wa Kiislamu aliyekosa kazi aliyoitamani tangu utotoni kwa sababu ya kitambaa cha kichwani. Sisi tunaoshinda na mkasi na cherehani tumeona kinatuhusu mara mbili. Ni kisa cha imani, na pia ni kisa cha mshono.

Binti wa Springfield

Bilqis Abdul-Qaadir alizaliwa Novemba 1990 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Mji huo ndiko ulikozaliwa mpira wa kikapu wenyewe. Mwaka 1891 mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda ukumbini ili vijana wake wapate mchezo wa kucheza ndani wakati wa baridi. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "kikapu".

Bilqis ni mfupi, na mchezo huu unajulikana kuwa wa watu warefu. Lakini mkono wake ulikuwa na shabaha. Alipoingia sekondari akaanza kuvaa hijabu, na akacheza nayo: ushungi kichwani, mikono mirefu chini ya fulana ya timu, na suruali ya kubana chini ya bukta. Wapo watazamaji waliomtupia maneno. Yeye akajibu kwa kufunga.

Januari 2009 alivunja rekodi ya ufungaji ya wasichana wa jimbo lake, iliyokuwa ya Rebecca Lobo, mchezaji mkubwa aliyefunga pointi 2,710 akiwa skuli. Bilqis alimaliza sekondari mwaka huo na pointi 3,070. Hakuna mwanafunzi wa Massachusetts, mvulana wala msichana, aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akifunga wastani wa zaidi ya pointi 40 kwa mchezo mmoja! Ramadhani ya mwaka huohuo Rais Barack Obama alimtaja kwa jina kwenye futari ya Ikulu ya Marekani.

Chuo kikuu na goti

Alipata nafasi Chuo Kikuu cha Memphis, lakini kabla ya kucheza hata mchezo mmoja akaumia goti, akakaa nje msimu mzima. Aliporudi uwanjani mwaka 2010, akawa mwanamke wa kwanza kucheza na hijabu katika daraja la juu kabisa la michezo ya vyuo vikuu Marekani. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Indiana State kwa masomo ya juu, akacheza msimu wake wa mwisho huko hadi 2014.

Kilichobaki ni kucheza kwa mshahara. Wachezaji wengi wa kike wa Marekani wanaomaliza chuo huenda Ulaya kutafuta timu, naye ndiyo njia aliyoitegemea. Hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Kanuni iliyosema "vueni"

Ligi hizo hufuata kanuni za Shirikisho la Mpira wa Kikapu Duniani, FIBA. Wakati huo kanuni ilikataza kuvaa kitu chochote kichwani. Kilichoruhusiwa ni mkanda mwembamba wa kuzuia jasho, usiozidi sentimita 5 kwa upana. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa wachezaji, na hijabu ikawekwa pamoja na vito na vibanio vya nywele.

Tufikirie hali yake. Ana umri wa miaka 23, ana shahada, ana kipaji, na mbele yake kuna kazi. Akivua kitambaa, anacheza. Bilqis amesema hadharani kwamba aliwaza kukivua. Hatumlaumu, na tunampenda zaidi kwa kusema kweli. Imani si kitu kinachokaa moyoni bila kutikiswa. Mwisho akachagua kubaki na ushungi wake, na mpira wa kulipwa ukamponyoka.

Lakini hakukaa kimya. Pamoja na wengine, akiwemo Indira Kaljo, mchezaji mwenye asili ya Bosnia, walidai kanuni ibadilishwe. Septemba 2014, kwenye Michezo ya Asia mjini Incheon, Korea Kusini, wasichana wa timu ya Qatar waliambiwa wavue hijabu kabla ya mchezo na Mongolia. Wakakataa, wakahesabiwa wamepoteza, na dunia ikaona. Mwezi huohuo FIBA ilikuwa imetangaza kipindi cha majaribio cha miaka miwili kwa mashindano ya ndani ya nchi.

Mei 2017 mkutano wa FIBA huko Hong Kong ukapitisha kanuni mpya, na ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2017.

Sasa tuje kwenye mshono

Kanuni hiyo mpya ya 2017 ilisema hivi: kitambaa kiwe cheusi, cheupe, au rangi ya jezi, na timu nzima ivae rangi moja. Kisifunike uso, hata sehemu yake. Kisiwe na kitu cha kufunga na kufungua shingoni wala usoni. Kisiwe na ncha inayoning'inia.

Fundi yeyote akisoma hapo atacheka. Ni kitambaa cha kuvutika, kinachovaliwa kwa kupitishwa kichwani, kimeshonwa chini ya kidevu, bila pini, na ncha zake zinaingia ndani ya fulana. Ni kazi ya mita moja na alasiri moja. Hatari waliyoiogopa ilikuwa pini na ncha, na dawa yake ilikuwa mkasi na uzi. Badala yake wasichana wa miaka mingi waliambiwa wachague kati ya dini na kazi.

Kwa Bilqis ruhusa ilichelewa. Alikuwa na miaka 26, na maisha yalishasonga. Aliolewa, akahamia Kanada, akafundisha michezo katika skuli ya Kiislamu mjini London, jimbo la Ontario, na akaanzisha mafunzo ya mpira kwa wasichana wa Kiislamu. Mwaka 2018 ikatoka filamu ya kumbukumbu juu yake, *Life Without Basketball*.

Tunalolichukua

Dada yetu unayekaribia kuolewa, au unayetafuta kazi: siku ukiambiwa mavazi yako hayaruhusiwi, usikimbilie kuvua na usikimbilie kuacha. Uliza kwa adabu: kinachoogopwa hasa ni nini? Ni pini? Ni urefu? Ni mashine itakayokamata ncha? Omba jibu la maandishi, kisha nenda kwa fundi wako mtafute mshono unaoondoa hofu hiyo, upeleke sampuli mkononi. Na mazungumzo ya kazi na mavazi myafanye na mchumba kabla ya ndoa, wazi, mbele ya wazee, yasije yakawa mgogoro baadaye.

Huenda bado utaambiwa hapana. Bilqis aliambiwa hivyo, na hasara yake ilikuwa ya kweli. Lakini binti anayeingia uwanjani leo na ushungi wake kichwani hasimamishwi tena na kanuni ya FIBA, na sehemu ya njia hiyo ilisafishwa na yeye.

Allah amlipe kheri, na awafungulie mabinti zetu milango ya riziki wakiwa na stara zao. Amin.