Karatasi ya Kinyesi cha Tembo

Sisi wa Ilembula tulikuwa watu wa Mkoa wa Iringa hadi 2012, Njombe ilipopata mkoa wake, kwa hiyo naihesabu historia ya karatasi hii kuwa yetu. Mwaka 2003, mjini Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu. Mwanzilishi ni Mwingereza, Susie Hart. Mafundi wa kwanza, vijana watatu viziwi, walitengeneza karatasi ya kinyesi cha tembo.

Tembo hameng'enyi hata nusu ya anachokula, hivyo nyuzi za majani hubaki kinyesini. Kinyesi huoshwa, huchemshwa, kisha hupondwa pamoja na karatasi chakavu. Rojo lake huchotwa kwa fremu ya wavu, hukamuliwa, huanikwa juani. Hutoka kadi, madaftari na albamu za picha.

Kutumia tena kilichotupwa si jambo geni kwetu: nyumbani tulizoea kopo tupu kugeuzwa kibatari, na waya kuwa gari la mtoto. Na kwa upande wa karatasi, Mgololo, kwenye kiwanda kikubwa cha karatasi cha miaka ya 1980, ni karibu nasi kuliko mjini Iringa. Hata hivyo naithamini zaidi karakana ile ya Iringa: iliwalipa mshahara vijana ambao hakuna aliyekuwa tayari kuwaajiri.