Tathmini Endelevu na Uzito wa Mtihani: Historia ya Alama katika Shule za Tanzania

Mtihani wa mwisho uliingia Tanganyika pamoja na shule za kikoloni, ambazo hazikukusudiwa kumsomesha kila mtoto bali kuwapata wachache waliohitajika kuwa makarani, walimu na wasaidizi wa utawala. Kwa sababu hiyo ulifanya kazi ya chujio katika kila ngazi, hadi kufikia Cheti cha Cambridge, ambacho mitihani yake ilisimamiwa kutoka Uingereza. Alama zilionyesha zaidi mahali pa mwanafunzi miongoni mwa wanaogombea nafasi, kuliko zilivyoonyesha kile alichokielewa. Utaratibu huo ulitofautiana na ule wa vyuo vya Kurani vya pwani, ambako mwalimu alimsikiliza mwanafunzi mmoja mmoja, na aliyeshika sura moja ndiye aliyevushwa kwenda nyingine, kila mmoja kwa kasi yake na bila kupangwa kwa madaraja.

Mwaka 1967, Rais Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alikosoa uzito uliopewa mitihani ya kuandika, akieleza kuwa ni takriban asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi ambao wangepata nafasi ya kuendelea na sekondari, ilhali masomo ya wote yalielekezwa kwenye mtihani wa kuwachagua hao wachache. Ukosoaji huo haukubadili vyeti mara moja, kwa kuwa mitihani ya sekondari ilikuwa bado chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambamo Tanzania ilijitoa mwaka 1971; miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania.

Mageuzi yenyewe yalitokana na Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo kwalo Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, iliagiza elimu ya msingi iwafikie watoto wote na uzito wa mitihani upunguzwe. Kuanzia mwaka 1976 shule za sekondari zilitekeleza tathmini endelevu, yaani upimaji unaokusanya alama za mwanafunzi katika kipindi chote cha masomo, ukijumuisha mazoezi, majaribio na miradi, na kuzingatia pia tabia yake na moyo wake wa kufanya kazi. Alama hizo zilipewa nusu ya uzito wa matokeo, na nusu nyingine ikabaki kwa mtihani wa taifa. Kwa utaratibu huo mwalimu wa darasani, ambaye awali alikuwa mtayarishaji tu wa watahiniwa, alifanywa mshiriki katika kutoa hukumu.

Hata hivyo, hukumu hiyo ilikuwa na matatizo yake. Alama 70 za shule moja hazikulingana na 70 za shule nyingine. Tabia haikuwa na kipimo ambacho walimu wawili wangekitumia kwa namna moja. Na katika madarasa yenye wanafunzi wengi, tathmini endelevu iligeuka kuwa mfululizo wa mitihani midogo. Juu ya yote hayo, nafasi za kuendelea na masomo zilibaki chache, hivyo kila alama iliyobuniwa kwa ajili ya kumwelekeza mwanafunzi iliishia kutumika kumchuja.

Ukweli huo ulijitokeza tena baada ya mwaka 2004, wakati Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipozidisha shule za kata. Mlango wa darasa la saba ulipanuka, na mchujo ukasogea hadi kidato cha nne. Katika matokeo ya mwaka 2012, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato hicho walipata daraja sifuri, yaani walifeli, na Serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya. Mwaka 2014 nafasi ya madaraja ilichukuliwa na mfumo wa wastani wa alama, uliojulikana kama GPA, kisha madaraja yakarejeshwa mwaka 2016. Mabadiliko hayo yalihusu namna ya kupanga matokeo, si namna ya kumjua mwanafunzi, na kwa kipimo hicho Azimio la Musoma lilikuwa limethubutu zaidi: liligusa namna alama zinavyopatikana, ingawa halikuweza kuziondolea kazi ya kugawa nafasi ambazo hazikuwatosha wote.