Chumvi Iliyobadilishwa Kwenye ORS

Mama mpendwa, nawe unayelea mtoto, chumvi ya ORS si ile ya mboga peke yake. Pakiti za mwaka 1975 zilikuwa pia na sodiamu baikaboneti. Penye joto na unyevu, kama huku kwetu Busia na Malaba, unga huo huweza kushikana mabonge na kugeuka kahawia. Mwaka 1984 WHO na UNICEF wakapendekeza sodiamu sitrati, isiyoharibika upesi. Sodiamu ilibaki, mwenzake ndiye aliyebadilishwa. Mwaka 2002 wakapunguza sodiamu na sukari.

Kipimo cha maji usikisie. Soma pakiti, iwe umeinunua upande huu au Uganda: ni nusu lita au lita moja? Ukitia maji kidogo, chumvi huzidi, na mtoto hudhurika.